Ukuta Niliokula

Mimi ni mwalimu wa sayansi, na nilikula ukuta. Afadhali niseme mapema, maana kijijini kila mtu anajua, na walimu wenzangu hawajaacha kuniuliza kama ofisi yetu iko salama nikikaa karibu na pembe.

Ilikuwa mimba yangu ya kwanza. Nilikuwa nimeolewa kutoka Navakholo, kwenye miwa na mahindi, nikaja huku kusini mwa mji wa Kakamega ambako watu hulima juu ya ardhi na kuchimba chini yake. Wanaume hushuka mashimoni kwa kamba na kupandisha mawe. Wanawake huyaponda, huyasagisha, kisha huuosha ule unga kwa maji juu ya ubao uliotandikwa tambara. Dhahabu ikiwapo hunasa kwenye nyuzi za tambara. Mama mkwe wangu ameifanya kazi hiyo tangu kabla ya kumzaa mume wangu. Ni mwanamke mkavu, mwenye maneno machache, na akicheka hucheka kwa mabega tu.

Akipasua jiwe, hulinusa. Likitoa harufu ya kitunguu saumu, huliweka upande wa kusagwa. Mara ya kwanza nilidhani anamtania mgeni. Akanisogezea jiwe puani, na kweli, harufu ilikuwa ya kitunguu saumu kilichotoka kutwangwa, ikitoka ndani ya jiwe ambalo halijaliona jua tangu dunia iumbwe. Nilisahau kufunga mdomo. Akaniambia kwamba palipo na harufu hiyo dhahabu haiko mbali, na kwamba alifundishwa hivyo na mama mkwe wake.

Baada ya kuosha hubaki tope la kijivu, laini kuliko unga wa wimbi. Wengine hulimwaga. Yeye alilikandikia jiko lake. Udongo wa kawaida ukikauka hupasuka, lakini huu haukupasuka. Kuta zake zilikuwa nyororo, zenye mng'ao wa mbali, na wanawake wa jirani walikuja na ndoo kuomba tope kama hilo. Ndilo lililokuwa jiko zuri kuliko yote upande wetu wa mto.

Mwezi wa nne wa mimba mvua zilianza. Ukuta wa mashariki ulilowa, na harufu ya ule unyevunyevu ikanipanda kichwani. Kwetu mjamzito kula udongo si kioja. Mawe ya kula hupangwa sokoni kwa mafungu, jirani na nyanya. Lakini mimi sikutaka ya sokoni. Nilitaka ukuta ule. Nikawa nakwangua kwa kijiko, asubuhi kidogo, jioni kidogo, huku mchana nikiwafundisha watoto wa darasa la sita usafi wa chakula na maji. Mganga hajigangi, nami sikujaribu hata kujiganga.

Mama mkwe alinifumania siku moja. Mabega yakamcheka. Alisema hata yeye alikula ukuta wa mkwewe, na kwamba mume wangu alijengwa kwa udongo kama nyumba yoyote. Kisha akanionyesha mahali palipo patamu zaidi, nyuma ya mlango, ambako moshi haufiki. Nilimpenda sana siku ile.

Tulikwenda kliniki pamoja. Muuguzi wa hapo, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa na desturi ya kumuuliza kila mjamzito kama anakula udongo. Nikakubali bila haya. Akauliza udongo gani. Nikasema ukuta. Akauliza ukuta wa wapi, na nilipotaja kijiji chetu akaweka kalamu chini. Akauliza ulikandikwa kwa kitu gani. Mama mkwe akajibu mwenyewe, kwa fahari, kwamba ni lile tope la dhahabu.

Nilitegemea azungumzie zebaki ya kunasia dhahabu, maana kuihusu tumeonywa hadi masikio yamechoka. Hakuitaja. Alimwomba mama mkwe amwonyeshe viganja vyake. Vilikuwa na sugu ndogondogo, ngumu kama punje za mahindi, ambazo sisi sote tuliamini ni za nyundo. Muuguzi alizigusa moja baada ya nyingine, kisha akauliza maji yetu ya kunywa tunayateka wapi. Nikasema kisimani, hapo nyumbani.

Alitueleza taratibu. Ile harufu ya kitunguu saumu ni ya jiwe lenye aseniki, ambayo ni sumu. Aseniki na dhahabu hulala kitanda kimoja chini ya ardhi. Anayemwamsha mmoja humwamsha na mwenzake. Katika jiwe lililopasuliwa utainusa, lakini ikishaingia majini haina harufu, haina ladha, haina rangi. Kuchemsha hakuiondoi. Nilimkatiza hapo, nikasema maji yakichemka kila kitu hufa. Akanijibu kwa upole kwamba hii haiwezi kufa kwa sababu haijawahi kuwa hai. Mimi, mwenye cheti cha sayansi, niliinamisha kichwa. Akamalizia kwa lile nililoliogopa: huvuka kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Inaweza kumzuia kukua vizuri tumboni, inaweza kumsumbua baadaye. Si kila tope linayo kwa wingi, na la kwetu hakuna aliyelipima.

Kupima kuliwezekana. Kungefanywa kwa kucha.

Alisema ukucha hukua polepole mno, na kila kilichopita kwenye damu huacha alama yake humo, hivi kwamba maabara inaweza kusoma kwenye kipande kilichokatwa leo kile ambacho mwili ulikutana nacho miezi iliyopita. Niliitazama mikono yangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiitupa historia yangu chooni.

Na chooni ndiko mama mkwe alikotaka ibaki. Alisimama, akasema kwa heshima kwamba kucha za watu wake haziendi kwa wageni. Kwake hakuna ukucha wala unywele unaookotwa na mtu mwingine. Huzikusanya mwenyewe na kuzitosa katika shimo la choo. Aliye na ukucha wako anao mwili wako, anaweza kukufanya atakavyo. Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Muuguzi alikuwa ametoka kutuambia jambo lilelile, ila kwa maneno ya maabara. Yule aliyefundishwa na mkwewe na yule aliyefundishwa chuoni walikuwa wameufikia mlango mmoja, kila mmoja kwa njia yake, nami nikahisi nimesimama mbele ya kitu kikubwa kuliko masomo yangu yote.

Kucha hazikutoka siku ile. Lakini tulipofika nyumbani mama mkwe alikinyakua kijiko changu. Hakuubomoa ukuta, kwa kuwa muuguzi alionya kwamba vumbi lake lingetudhuru zaidi. Aliulowesha, akaukandika upya kwa udongo ulioletwa na ndugu yangu kutoka Navakholo, magunia mawili juu ya bodaboda, majirani wakiuliza tangu lini Navakholo inauza ardhi kwa gunia. Kila asubuhi alipita kisima chetu bila kukitazama, akaenda kuteka maji kwenye chemchemi ambayo muuguzi alisema imepimwa, ng'ambo ya mlima. Nikitaka kumsaidia ndoo, ananiambia, "Wewe beba huyo tu."

Miezi ile niliishi na hofu ambayo sijaizoea hadi leo. Nililala nikihesabu vijiko. Nilimwomba Mungu, kisha nikamwomba msamaha mtoto.

Alizaliwa msichana, mwenye sauti ya kutosha wodi nzima. Uzito wake ulikuwa mzuri. Muuguzi alifurahi, lakini hakunidanganya. Alisema uzito ni habari njema na si habari yote. Tulipompeleka chanjo ya wiki ya sita, aliuliza tena kuhusu kucha. Nilimtazama mama mkwe. Kwa mila za nyumba yake neno lilikuwa lake, nami sikutaka kumpokonya.

Akaomba mkasi. Akazikata zake, zote kumi, ngumu na zenye ufa, akazidondosha kwenye kibahasha cha karatasi.

"Zangu kwanza," alisema. "Kama ni kunifanyia kitu, waanze na mimi."

Halafu akakichukua kiganja cha mjukuu wake. Mkasi haukumfaa, akazing'ata kucha zile kwa meno ya mbele, kama wanawake wote wa huku wafanyavyo kwa watoto wachanga, akizitema moja moja kwenye bahasha ya pili. Zilikuwa nyembamba hata sikuweza kuziona bila kuinama. Humo ndimo ilimoandikwa miezi yote aliyokuwa ndani yangu, pamoja na vijiko vyangu. Nikalia waziwazi, mbele ya foleni nzima ya chanjo.

Majibu yalichelewa hadi mtoto akaanza kukaa. Muuguzi alituita, akatukalisha kwenye benchi, akafungua karatasi. Alianza na aseniki ya mama mkwe. Ilikuwa juu, juu sana. Sugu zile hazikuwa za nyundo, zilikuwa za aseniki. Alimweleza kwamba lazima aonwe na daktari, aache kuosha lile tope, na asiguse tena maji ya kisima, na kwamba hata hivyo ngozi ile ingehitaji kuangaliwa maisha yake yote. Mama mkwe hakutikisika. Yangu, ya kucha nilizokata mwisho siku ile, ilikuwa juu kidogo, na muuguzi alisema itazidi kushuka. Kisha akasoma ya mtoto. Ilikuwa chini, chini kama ya mtoto ambaye mama yake hajawahi kukanyaga kijiji chetu.

Nilimshika mama mkwe mkono. Nilimuuliza kama amesikia yaliyosemwa kuhusu yeye, kama ameyaelewa, kama anataka tumuite mwanawe.

"Yangu nimesikia," alisema, macho kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. "Soma tena ya mtoto."