Nyuzi mbili ya phonie

Ile asubui phonie, radio ya kuitana na bashofere, ya depot yetu ya Beni ilikuwa inasikia, lakini kusema ilikatala. Mutoto wangu mwanaume, shofere, alikuwa Eringeti na camion, lori yenye kubeba cacao. Sisi tulimusikia vizuri ku phonie ya camion: "Depot, depot! Kwenu inatoka tu grrrr. Ninafunga bâche juu ya muzigo, ninakuja."

Na motari, mwenye pikipiki ya taxi, alikuwa ametoka kutuambia: batu ba bunduki bameingia mu barabara mbele ya Oicha, kati ya sisi na yeye. Telefone, réseau hakuna.

Patron, Mwislamu muzee mwenye camion, alishika micro na mikono mbili kama mutu anakamata kuku. "Usiondoke! Wallahi, usiondoke!"

"Grrrr tu," mutoto akajibu.

Mimi ninapikiaka bashofere pale depot. Binti yangu njo fundi wa baradio. Alikuwa amesha fungua phonie, akanionyesha carte, ile kibao ya kijani yenye tunjia tudogo twa shaba.

"Mama, angalia. Sauti ya micro inapitaka ku njia mbili zenye kutembea karibu-karibu. Makelele ikikuja inagusa zote sawasawa. Mashini inalinganisha: makelele yenye kufanana inatupa, sauti inabaki. Lakini fundi wa zamani, njia moja iliungua, akaweka uzi, akauzungusha mbali, pembeni ya courant ya chargeur. Sasa moja inakunywa makelele, ingine hapana."

"Sawa bake-wenza," nikasema. "Bakienda soko pamoja, masengenyo bote banaisikia, banaitupa. Moja akipita peke yake, jioni nyumba inawaka."

"Mama, leta paja."

Maana sisi bamama ba Kinande, kamba ya kubebea muzigo, ile inashika ku kipaji ya uso, tunaisokotaka juu ya paja. Akanipa nyuzi mbili mupya za njia zile mbili, nyembamba kama nywele ya farasi, nizisokote pamoja. Nikapandisha kitenge.

Patron akageukia ukuta: "Astaghfirullah, mama muzee!"

"Angalia tu, patron. Hii haiko paja tena, ni atelier ya fundi."

Nikatema mate mu kiganja, vile tunafanyaka na kamba.

"Mate hapana!" binti akalia.

"Depot, moteur imewaka," phonie ikasema. Nikavuta haraka, uzi ukakatika. Binti akakata ingine, hakunigombeza, na hiyo njo ilinitia woga zaidi. Nikasokota pole-pole, hii inapanda juu ya hii, hii juu ya hii. Akazichomelea ku carte na soudure, akazipitisha mbali na chargeur.

"Sema, patron."

"Shofere! Zima camion! Usitoke Eringeti, njia ni mbaya!"

Kisha mutoto akacheka mupaka kukohoa. "Eeh, Mama! Leo umemupata patron, hata pumzi yake!"

Ni kwa sababu mimi ninaigaka sauti ya kila mutu. Ya patron njo nzuri kupita zote. Mara ngapi nilimuita ule mutoto ku phonie: "Wallahi shofere, nani alikalia miwani yangu?" Eringeti muzima ikacheka.

"Mimi ni patron!" patron akapiga meza. "Mimi mwenyewe, we mujinga!"

"Na hasira yake pia! Vraiment, Mama, wee! Bon, ninatoka."

Patron akanitazama. Micro ilikuwa imelowa na jasho yake wakati nilimunyang'anya. Ninajua sauti ya pasta, ya mwalimu wa Kasaï, ya commandant wa askari na Lingala yake. Yangu nilikosa mahali inakaaka. Ikatoka kidogo sana.

"Mutoto wangu. Ule alikuwa patron kweli. Mbele ya Oicha kuko bunduki. Hapana toka."

Kidole yake ilibaki imefinya micro yake. Sauti ilikuwa safi, hata mulango wa camion tulisikia inafungwa, hata moteur, tu-tu-tu-tu. Binti yangu akanishika nguo ku mugongo. Tu-tu-tu. Kisha moteur ikanyamaza.

"Nimezima, Mama."

Patron akakaa chini, juu ya gunia, akafunika uso.

"Mama," mutoto akasema tena, pole, "huku batu bameogopa. Bafanyie sauti ya ule commandant, bacheke."

"Leo hapana," nikamwambia. "Tafuta chakula, ule. Na ukae karibu ya phonie, nikusikie."