Tiki ya Pili

Mtaani walimwita Bi Waya, na yeye hakukasirika. Akasirike kwa lipi, na waya zimejaa chumbani mwake mpaka uvunguni mwa kitanda? Yeye na mumewe ndio walioupa mji ule wa bondeni mtandao wake, baada ya kampuni za simu kuutazama mlima, kutikisa kichwa na kwenda zao. Walifunga visanduku vya redio juu ya mapaa. Hiki kikisikia neno, kinalirudia. Cha jirani kinalidaka, nacho kinalirudia. Neno linaruka paa kwa paa mpaka limfikie mwenyewe. Kile cha zahanati kiliunganishwa na intaneti, kikapeleka salamu hadi kwa watoto walioko ng'ambo. Mtandao haukuwa na mnara wala mkubwa. Kisanduku kimoja kikizimika, neno linapita kwingine.

Kisha mumewe akapanda mlimani kufunga kisanduku cha juu, ukungu ukashuka, na hakurudi. Watu walitafuta mpaka wakakata tamaa. Mji mzima ulimlilia, isipokuwa Bi Waya. Mashati ya mumewe aliendelea kuyapiga pasi, eti yasiliwe na wadudu.

Nyumbani alibaki na mama mkwe tu, na huyo bibi alikuwa na jambo lake. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alishika simu akamwandikia mwanawe: "Umeamkaje, baba?" Tiki moja ikatokea. Hapo alimgeuzia mkamwana kioo cha simu.

"Unaona? Imefika."

"Mama, hiyo ni ya kisanduku tu. Cha jirani kimesikia, kimerudia, basi. Tiki ya pili ndiyo yake yeye."

"Basi tutaisubiri."

Jamani, utamwambia nini mtu kama huyo? Wengi mjini walifanya kosa hilohilo, wakiona tiki wanadhani ni mtu, kumbe ni paa la jirani limeitikia. Bi Waya alimwonea huruma mama wa watu, akaenda kuchemsha chai.

Asubuhi moja tiki ya pili ikaja.

Bi Waya alikuwa ameshika birika. Akalitua polepole. Tiki ile haitoki popote ila kwenye kidude cha redio cha anayeandikiwa, kile alichoondoka nacho mumewe ndani ya begi lake. Kwa hiyo huko mlimani kulikuwa na kitu chake kilichokuwa macho, kimesikia na kujibu. Nywele zilimsimama.

"Nenda," mama mkwe alisema, wala hakuonyesha kushtuka. "Nenda kamwone."

Alipanda peke yake, kidude chake mkononi, akifuata nguvu ya mawimbi ya kile cha mumewe. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka tena. Akishika njia sawasawa, ishara inapanda; akipotoka, inashuka, utadhani kuna mtu anamwambia siko huko, niko huku. "Haya, nakuja," alijikuta akijibu kwa sauti, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. Hapakuwa na ndege aliyelia wala jani lililotikisika. Aliogopa kumkosa, na tuseme ukweli, aliogopa zaidi kumkuta.

Ishara ilijaa ukingoni mwa korongo. Begi la mumewe lilikuwa linaning'inia kwenye mzizi. Juu yake upepo ulikuwa umevunja tawi kubwa, jua la asubuhi likapata upenyo, likaangukia kile kipande cha sola ambacho Bi Waya alikishona begini kwa mkono wake mwenyewe, na betri ikaamka. Alichungulia chini. Katikati ya mawe palikuwa na koti la mvua la manjano, na koti lile bado lilikuwa na umbo la mabega.

Akalivuta begi, akakitoa kidude. Kwenye kioo neno la mwisho lilikuwa linawaka: "Mkeo anakuja huko. Usimfiche kitu."

Akakaa chini. Alimfikiria bibi yule jikoni, simu mkononi, anangoja. Aendelee kumwacha hivyo mpaka lini? Akaunganisha simu yake na kidude cha marehemu, ili neno litoke kwa jina la mwenyewe. Marehemu! Ndiyo kwanza anamwita hivyo, hata moyoni. Akaandika, akafuta, akaandika tena: "Mama, sitarudi. Usinisubiri."

Tiki moja. Tiki mbili. Halafu kimya, kirefu mpaka akadhani amemuua mama wa watu kwa maneno mawili matatu. Kidude kikatetemeka kiganjani mwake.

"Najua, binti yangu. Nilijua tangu siku ile ya kwanza. Nilikuwa nakusubiri wewe. Lia sasa, kisha urudi nyumbani."

Bi Waya akaangua kilio, akamwita mumewe kwa jina lake.