Spika Kubwa ya Shangazi

Shangazi yangu alitaka redio kwa sababu vita vilipoanza mwanawe wa pekee alichukuliwa kujiunga na mgambo, akapelekwa upande wa mto Kagera. Waliondoka juu ya lori la pamba, wakiimba. Baada ya hapo, kimya. Kijijini kwake, upande wa Kaniha, habari zilifika kwa baiskeli, na kila mwendesha baiskeli alikuwa na zake: huyu aliwaua vijana wetu wote, yule aliwafufua.

"Wewe usiyetulia mahali," shangazi aliniambia, "zurura basi uniletee redio."

Akanikabidhi beberu mmoja. Redio mpya dukani hazikuwepo, na hata zingekuwepo, beberu asingefua dafu. Lakini mimi, niliyeacha shule darasa la tano, nilikuwa nimekaa muda mrefu mlangoni kwa fundi redio mmoja mjini Biharamulo, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Nilikuwa nikimtazama tu, kwa udadisi. Nikajua kwamba redio ni vipande.

Fundi alimfunga beberu nyuma ya nyumba, akamwaga mkekani debe zima la redio zilizokufa.

"Chagua. Ila beberu wako atanunua kimoja kati ya hivi viwili: spika hii kubwa, au koili ya masafa mafupi."

"Tofauti yake nini, mzee?"

"Masafa mafupi yatakupa Dar es Salaam. Ukibaki na masafa ya kati, huku kwetu utampata yeyote mwenye mtambo wa nguvu."

"Na nikichukua spika ndogo?"

"Itasikika chumbani."

Neno hilo lilinimaliza. Tangu tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa na nyumba kupangwa mstari mmoja, redio haikuwa kitu cha chumbani. Ilisifiwa kwa idadi ya nyumba inazozifikia. Redio ambayo jirani wa tatu haisikii iliitwa mbu. Shangazi nimletee mbu? Nikachukua spika.

"Haya," fundi akacheka. "Kelele umepata. Maneno utayatafuta mwenyewe, mkimbia shule wewe!"

Niliunga kila kitu kwa risasi ya kuyeyusha, nikatengeneza sanduku kwa mbao za kreti ya sabuni, betri kuukuu nikazianika juu ya bati mpaka zikapata moto. Jioni ya kuifungulia, shangazi alitoa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Majirani wakaja na viti vyao, na mwenyekiti wa kijiji akakaa mbele. Nikazungusha kitufe. Mkwaruzo, mluzi, halafu sauti ya mwanamume, Kiswahili safi, nene kama ngoma. Watu wakapiga makofi.

Makofi yakakatika yenyewe. Mtu yule alikuwa anajisifu kwamba jeshi lao limetwaa nchi yote mpaka mto Kagera, na sasa ni mali yao.

Niliganda. Vidole vilikuwa juu ya kitufe lakini havikukizungusha.

"Zima! Zima, mjinga wewe! Umetuletea adui kijijini!" mwenyekiti akafoka.

Nilipozima tulikuwa tumechelewa. Watu wa mwisho wa mstari hawakujua kama kuna redio. Walichosikia ni sauti ya adui ikitangaza kwamba nchi imetwaliwa, wakaamini amefika na kipaza sauti. Tuliwaona wanamiminika kuelekea migombani, na magodoro, na kuku, bibi mmoja na sufuria ya ugali inayofuka moshi. Vijana walikimbia kuwarudisha, nao kwa kuona wanakimbizwa wakazidisha mbio.

Mwenyekiti alinyanyua jembe avunje lile sanduku. Shangazi akalilalia.

"Usivunje. Amesema mpaka wapi?"

"Mama, yule ni mwongo."

"Mwongo, ndiyo. Amesema mpaka mtoni. Mwanangu yuko ng'ambo ipi ya mto?"

Jembe likashuka. Mwenyekiti akaamua spika iende ofisini kwake, na mashine ibaki, mradi isisikike nje. Nilirudi kwa fundi, akanipa kidude cha kusikilizia kwa sikio moja.

Nilidhani shangazi angetafuta stesheni nyingine. Hakutafuta. Kila jioni alimsikiliza yule yule. Wanawake kisimani wakamwita mke wa adui, naye akawajibu, "Basi mniite wifi, mimi na yeye tunaongea."

Jioni moja niliingia na "shikamoo, shangazi" mdomoni. Akanyoosha kiganja kunizuia, macho yamemtoka.

"Leo hautaji mto," alisema. "Anasema wanajipanga upya, kule kwao."

"Maana yake nini?"

"Mtu hajipangi nyuma bila kusukumwa, baba. Wako vijana wetu wanamsukuma."

Akakirudisha kidude sikioni, akanipa mgongo.