Nyumba Isiyochimbiwa Msingi

Nilikuwa nimepanga mjini, Sekei, kwa miaka kumi na tisa, vyumba viwili na kibaraza cha kuwekea cherehani yangu, siku mwenye nyumba alipokuja kuniambia kwamba amepata mtu anayetaka kuvunja pale ajenge gesti. Alikuja na soda mkononi, kana kwamba ameleta posa. Niliinywa yote, maana sikuwa na namna nyingine ya kumkomoa.

Mwezi huo huo mama yangu aliteleza kwenye njia ya kwenda bombani kule kwetu Nkoaranga, akavunjika mkono. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, na njia zetu zile, hata mwenye macho mazima huzishuka kwa kushika migomba. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye ndiye aliyerithi kihamba cha baba, shamba letu la ukoo, anakaa na familia yake upande wa pili wa migomba. Mama alikuwa akilala peke yake. Nikasema, basi, Mungu ameunganisha shida mbili ili zitatuliwe pamoja: nitarudi nyumbani, nikae karibu na mama.

Kusema ni rahisi. Nyumba ya mama ni chumba kimoja na sebule iliyojaa magunia ya mahindi. Ningeweza kulala pale wiki moja, mbili, kama mgeni. Ya tatu watu wangeanza kuulizana kama nimerudi moja kwa moja. Na kwa kutaka kujenga nyumba yangu pale kihambani, mimi mtoto wa kike, nilikuwa naomba jambo ambalo kwetu haliombwi.

Tulikaa kikao Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwa mama. Baba mdogo, mzee pekee aliyebaki upande wa baba, ndiye aliyeongoza. Nilimpa shikamoo yangu, nikamwaga chai, nikasema haja yangu.

"Dada, mimi sikukatai wewe," akasema mdogo wangu. "Mimi naogopa msingi."

Alikuwa na sababu, ingawa siku ile nisingekiri. Kwetu anayechimba msingi amejiandika kwenye ardhi, na hakuna wa kumfuta. Ng'ambo ya kijito kuna familia iliyompa dada yao pembe ya kujenga. Alipokufa, wanawe walikuja kuidai, na mpaka leo wajomba na wapwa hao hawapeani hata maji ya kunywa. Mimi nina wavulana wawili walioko Mwanza. Mdogo wangu ana watatu, na kihamba chenyewe ukikohoa upande huu, jirani wa upande ule anasema pole.

Lakini nilikasirika. Nilimkumbusha nani alimbeba mgongoni mpaka akawa na miaka minne, kwa uvivu wake wa kutembea. Nilisema na mengine ambayo hayafai kuandikwa. Chai ikapoa mezani.

Nilipokuwa nikitafuta neno jingine la kumchoma, nikakumbuka nyumba moja niliyoiona Olmotonyi nilipopeleka sare nilizoshona. Ilikuwa ndogo, kuta za paneli za bati, imesimama juu ya miguu ya chuma. Fundi seremala aliyekaa humo aliniambia ilikuja vipande vipande, ikafungwa kwa spana, na kwamba alikuwa ameshaihamisha mara mbili.

"Baba mdogo," nikauliza, "na nyumba isiyochimbiwa je?"

"Haigusi ardhi?"

"Inasimama juu ya mawe."

"Mawe yamelazwa au yamechimbiwa?"

"Yamelazwa tu."

Mzee akakoroga chai yake iliyopoa. "Basi hiyo ni kabati," akasema. "Mtu haombi ruhusa ya ukoo kuweka kabati."

Alinipa sharti moja tu: nisitie jembe ardhini. Niliapa mbele yao wote. Mdogo wangu alikubali kwa uso wa mtu aliyemeza kidonge bila maji. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Lori lililoleta nyumba yangu lilishindwa kupanda, likaishia barabarani. Kuta zilipanda mlima vichwani mwa wanawake wa jumuiya yetu, wakiimba na kunicheka kwamba nimenunua friji la kulala. Fundi aliyekuja nazo kutoka mjini aliweka pimamaji yake, akatazama mteremko, akaomba jembe.

"Tukate udongo kidogo tu hapa, tusawazishe."

"Hakuna jembe," akasema mdogo wangu, ambaye alikuwa amesimama pale tangu asubuhi kwa kazi hiyo moja.

"Kidogo tu, kaka."

"Hata kijiko."

Basi fundi akapanga mawe. Upande wa nyuma nyumba ilikaribia kugusa majani, upande wa mbele ilinifika kiunoni, na mbuzi wakapata pa kupumzikia. "Mama, mimi nimesema, mteremko huu ulitaka kukatwa," fundi aliniambia akifunga begi lake la spana, akaondoka.

Siku mbili baadaye nilikuwa ndani. Chumba kimoja, jiko la kona, cherehani chini ya dirisha linalotazama mlango wa mama. Nilimsikia akikohoa, akaacha, na mimi nikaweza kuendelea kushona. Mama mwenyewe alikuja akipapasa ukuta kwa mkono mzima, akaugonga kwa kidole.

"Wameujaza nini?"

"Sponji, mama."

"Kama godoro?"

"Kama godoro."

"Basi utalala vizuri," akasema, akakaa kula loshoro yangu, mahindi ya maziwa mgando.

Nililala vizuri kweli, mpaka masika.

Mvua ilinyesha siku tano. Asubuhi ya sita nilimimina chai, nikaona imeegemea upande mmoja wa kikombe. Donge la uzi likabingirika lenyewe hadi mlangoni, na mlango ukakataa kufunga. Nilichungulia chini nikaona maji yanapita katikati ya miguu ya nyumba yangu, na jiwe moja la mbele limezama karibu lote. Niliogopa sana. Sekei kulikuwa kumeshavunjwa. Jembe la mama lilikuwa pale pale ukutani kwake, hatua kumi, na mimi nilikuwa nimeapa. Kumwita mdogo wangu sikutaka. Afadhali niteremke na nyumba yangu mpaka Tengeru kuliko kumwomba yule mtu.

Akaja mwenyewe, analeta maziwa ya mama. Alisimama kwenye mvua akatazama yale maji, akatazama mguu wa nyumba, akageuka akaondoka. Nilimlaani kwa sauti, nadhani alinisikia.

Alirudi na jembe na mtaimbo. Alianza upande wa juu wa nyumba, akachimba mfereji, akayageuza maji kuelekea kijitoni. Kisha akaja mbele, akapiga goti kwenye matope, akaanza kuchimba pale pale chini ya mguu uliozama.

"Unajua unachofanya?" nilimuuliza kutoka mlangoni.

"Nachimba."

"Mlikataza."

"Tulikukataza wewe. Mimi ananikataza nani?"

Sauti ya jembe ilifika kwa mama. Alitoka mpaka kizingitini, ameinua uso kama wafanyavyo watu wasioona vizuri.

"Nani anachimba huko?"

Mdogo wangu akanyoosha mgongo. Maji yalikuwa yakimtiririka puani. Alinitazama kwanza mimi, ndipo akajibu kwa sauti kubwa ya kusikika mpaka kwa majirani.

"Ni mimi, mama. Namchimbia dada msingi."

Mama alishika mwimo wa mlango.

"Basi usichimbe juujuu," akasema. "Fika kwenye udongo mgumu."

Mdogo wangu akainama tena. Nikafunga khanga yangu vizuri, nikashuka kwenye matope, nikaanza kumpa mawe moja moja, huku nikilia bila aibu yoyote, maana nilikuwa nimechoka kuwa mgeni kwetu.