Parachichi Ndani ya Kibuyu cha Maziwa

Niliolewa kutoka Walikale, kwenye msitu na joto, nikaletwa huku juu milimani, Muheto, kwenye upepo na ng'ombe. Kwetu ngozi haikauki hata ukiisahau. Huku, wiki ya pili tu, mashavu yangu yalipasuka. Nikicheka yanauma, na mimi ni mtu wa kucheka.

Mama mkwe aliniita, akanikalisha, akachota siagi ya ng'ombe kwa vidole viwili na kunipaka usoni kama mtu anayesiriba ukuta. Kwa familia ya wafugaji ile ilikuwa heshima kubwa kwa bibi harusi. Nilimshukuru, kisha nikazunguka nyuma ya nyumba nikanawa. Nilikuwa nanuka ndama! Alinipaka mwaka mzima, nami nikanawa mwaka mzima, mpaka nilipoanza kuagiza kwetu mafuta ya kokwa za mchikichi. Ubishi wetu ulianzia hapo.

"Mafuta ya miti njo ya kupika sombe," alisema, yaani kisamvu. "Sasa mi niko sombe?"

Miaka ikaenda. Leo nina mjukuu, na mama mkwe ndiye koko, kama watoto wa huku wanavyomwita mama mzee. Ng'ombe wamebaki watatu, na maziwa yao hupanda pikipiki ya mnunuzi kila asubuhi kabla hayajapoa. Siagi ya kupaka ilikwisha zamani. Kibuyu cha kusukia maziwa kinaning'inia tu ukutani, na uso wa mama mkwe ulikauka mpaka ukatoa magamba. Nikimpa mafuta yangu, ananiuliza swali lile lile la sombe.

Pasaka iliyopita binti yangu alimleta mwanawe wa miaka minne kutoka Goma. Huku tunasalimiana shavu kwa shavu, mara tatu. Mara ya kwanza tu mtoto akajitoa.

"Koko, shavu yako inakwaruza!"

Akajifuta kwa mkono. Sote tulicheka, na mama mkwe alicheka kuliko wote. Lakini tangu siku ile hakumpa mtu shavu tena. Alinyoosha mkono tu, hata kanisani, hata kwangu. Iliniuma kuliko nilivyotazamia. Mwanamke huyu nimebishana naye zaidi ya miaka ishirini, lakini shavu lake nilikuwa nimelizoea.

Mtoto angerudi likizo kubwa, nami nikaapa kwamba atampata koko wake mwenye shavu. Mafuta yangu yalikuwa yamekwisha, na mzigo wa kutoka Walikale hungojwa wiki nyingi. Nikageukia parachichi, ambalo sisi tunaliita avoka. Wanawake wachuuzi huyapandisha kutoka pande za Kirotshe, kule chini, na yale yaliyoiva mpaka kulegea hakuna anayeyagombania. Niliponda beseni zima, nikamwambia mama mkwe ni ya kutoa mafuta ya uso, nikalifunika, nikaenda shambani.

Niliporudi beseni lilikuwa tupu. Halafu nikasikia sauti ambayo nyumba yetu ilikuwa imeisahau: chwa, chwa, chwa. Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani, kibuyu cha maziwa mapajani, anasuka parachichi langu kama maziwa ya mgando, jasho linamtiririka.

"Mukazana, hii avoka yako iko muvivu," alisema bila kuniangalia mimi mkaza mwana wake. "Natikisa tangu asubui, siagi inakataa kutoka."

Nilishika mlango, nikacheka mpaka nikakaa chini. Alinuna. Akaniacha nimalize, kisha akauliza polepole:

"Mutoto anakuja siku gani?"

Kicheko kikaniishia pale pale.

"Mama, avoka haitikisiwe," nilimwambia. "Inataka moto kidogo."

Tulikichokonoa kile kibuyu kwa kijiti, tukaweka rojo kwenye sufuria juu ya moto mdogo, tukakoroga kwa zamu. Maji yalikauka, rojo likawa jeusi, na mafuta ya kijani yakaanza kuchungulia pembeni. Tukakamua kwa kitambaa safi. Haba na haba hujaza kibaba, ingawa sisi tulijaza kikombe kimoja tu.

Nilimwonyesha namna: nawa uso, usijifute sana, na ngozi ikiwa bado na unyevu tia matone mawili, ukandamize kwa viganja bila kusugua. Kila jioni. Niseme kweli, mikunjo haikwenda popote, na anayekuahidi itakwenda anataka kukuuzia kitu. Lakini wiki ya tatu magamba yalikuwa yamekwisha, mashavu yamelainika, na mama mkwe ameacha kujikuna. Swali la sombe sijalisikia tena.

Mwezi wa saba mtoto alishuka kwenye pikipiki. Mama mkwe akanyoosha mkono. Nilitamani kumsukuma! Mtoto aliupita ule mkono, akamshika shingo: shavu la kwanza, la pili, la tatu. Safari hii hakujitoa. Alikuwa amechoka na safari, akabaki amelaza uso wake pale pale kwenye shavu la koko. Mama mkwe akafumba macho.

Alasiri ile aliniita, akanikalisha, akamimina mafuta kiganjani na kunipaka usoni kwa mkono ule ule mzito wa kusiriba. Nikashukuru, nikainuka.

"Na leo," akasema, "usiende kunawa kule nyuma ya nyumba."