Kopo la La Flontière

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha taa ya meza yake ya kazi, mzee Gustave alimimina chai kwenye kifuniko cha kopo la baa, akainywa akiwa amesimama. Lilikuwa kopo la chuma cheupe la kutikisia vinywaji, na ubavuni limechorwa LA FLONTIÈRE. Limekosewa. Baa yenyewe iliitwa La Frontière, yaani Mpakani, na ilikuwa Katanga, hatua chache kutoka Rhodesia ya Kaskazini, enzi ambazo Mwafrika alikatazwa kunywa wiski.

Baba yake, Ezéchiel, aliosha glasi humo. Kwa kuwa mkono wake ulijua kuchora, mwenye baa alimwagiza aandike jina kwenye kopo. Ezéchiel hakwenda shule. Aliliandika jina kama alivyolitamka, kama watu wa kwao wanavyosema balabala badala ya barabara. Mwenye baa hakulitupa. Aliliweka kaunta, na wageni wakawa wanaliomba lipitishwe mezani wapate kucheka. Baa ilipofungwa, Ezéchiel aliondoka nalo.

Gustave alirithi kopo na mkono. Katika chumba chake cha kupanga huku La Rochelle, mtaa wa jiji kubwa kusini kabisa mwa Afrika, alichora majina ya baa za mpakani kwenye vikombe na makopo ya zamani yasiyo na jina, akayafukia kwenye udongo wenye chumvi mpaka yafubae. Sidney aliyauza Newtown, mtaa mwingine wa jiji hilohilo, kama mali halisi ya enzi za marufuku. Sidney ni Mkenya aliyeacha kazi ya benki akafungua duka la vitu vya kale. Mimi niliajiriwa pale kuandika vibandiko. Niliandika nilichoambiwa.

Mwaka 2017 Sidney aliandaa maonyesho ya vyombo vya baa hizo. Gustave akaja na kopo la baba yake, kalifunga kwa taulo.

"Hili siuzi," alisema. "Nataka likae katikati tu, na chini muandike: kazi ya Ezéchiel."

Sidney aliligeuza, akaangua kicheko. "Ai, mzee! Hili ulichora ukisinzia? Flontière!"

"Si miye. Ni baba. Hii njo ya kweli."

"Yaani la kweli ndilo limekosewa, na ya uongo yote yako sawa? Nitamwambia nani hayo?"

"Ambia watu."

"Watu wakilitilia shaka hili, watageukia na yale mengine. Wewe na mimi tutajificha wapi?" Sidney alishusha sauti. "Sikia, mzee wangu, nakuheshimu. Geuza hiyo L iwe R. Litakaa katikati, na jina la baba yako litaandikwa. Hutaki, rudi nalo nyumbani."

Gustave alilivuta kopo upande wake. "Wazungu walilicheka mpaka baa ikafungwa," alisema.

"Basi tusiwape watu nafasi ya kulicheka tena."

Alirudi baada ya siku nne. L alikuwa ameiongezea tumbo na mguu, na ule mstari wake wa chini kaugeuza jani. Ili jani hilo lisionekane geni, alichora majani chini ya herufi zote. Sidney alilikagua kwa kioo cha kukuzia, hakuona kasoro.

"Sharp, mzee! Sasa linafanana na la kweli."

Niliandika kibandiko: Kopo la kutikisia vinywaji, La Frontière. Kazi ya Ezéchiel. Gustave alikisoma polepole, herufi moja moja, kisha akakaa kwenye kiti cha wateja. Watu walipita. Mwanamke mmoja alipiga picha, akasema lilichorwa na fundi hodari. Hakuna aliyecheka.

Muda wote niliofanya kazi pale sikuwa nimewahi kumuuliza chochote. Siku hiyo nilimuuliza kama ile bado ilikuwa kazi ya baba yake.

"Hapana, mama," alisema. "Sasa ni yangu."