Ngolo za Bibi Ndani ya Kompyuta

Harufu ya nyasi mbichi zinapofunikwa udongo hunirudisha kidato cha pili, huko Mbinga, mwaka ambao intaneti iliingia mjini na kuleta ugomvi nyumbani kwetu.

Madamu Kapinga, mwalimu wetu wa Jiografia, alitupa kazi ya uchunguzi. Ngolo, yale mashimo ya mashamba yetu ya milimani, huchimbwa na nani, na kwa nini? Tuulize nyumbani kwanza, kisha Jumamosi twende kwenye chumba cha intaneti tusome kurasa alizotuchagulia, tulinganishe. Sikuwa nimewahi kugusa kompyuta. Niliitamani Jumamosi ile kuliko Krismasi.

Baba akakataa. Soko la kahawa lilishafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, kila msimu walikuja wapya na mizani zao za kupunja, na mizani zile zilimfundisha kutilia shaka hata salamu. "Anayekuuliza shamba unalimaje," alisema, "kesho atakuuliza mpaka uko wapi." Alimshuku Madamu, akaishuku kompyuta, akanishuku na mimi. Nililia mpaka uji ukapoa.

Aliyeniokoa ni Bibi, mama yake Baba. "Mwache aende. Ila wewe mjukuu wangu, wakikuuliza nani anachimba, sema wanaume." Akacheka hadi akashika kiuno. Kila mtoto wa Kimatengo, kabila letu, anajua kwamba wanaume hufyeka na kupanga nyasi. Kuchimba ni kwa wanawake. Niliubeba uongo ule hadi mjini kwa uangalifu, kama yai.

Kwenye chumba cha intaneti nikafungua ukurasa wa kwanza. Uliandikwa kwamba ngolo huchimbwa na wanaume. Msinicheke: niliamini kompyuta imemsikia Bibi.

Madamu alikuwa nyuma yangu. "Nani kaandika hayo?" aliuliza. "Na yeye aliambiwa na nani?"

Jioni nikampelekea Bibi swali lile. "Zamani alikuja mgeni na kalamu," alisema huku akipepeta maharage. "Akauliza mno, hadi mipaka ya shamba. Tukampa ugali, tukampa na jibu."

Leo nami ni mwalimu, nawatungia wanafunzi kazi kama ile, na ndipo nimeelewa. Madamu, Mmatengo aliyeota sugu za jembe viganjani, alilijua jibu tangu mwanzo. Ukurasa ule wa uongo aliuchagua makusudi, ili tujifunze kushuku. Baba alimshuku hadi anaingia kaburini, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba somo lile alilifaulu kabla yetu sote.